Dada, usiuze mikorosho

Shikamooni wazee wangu, na salamu kwa wote mlio kwenye grupu la ukoo. Wiki iliyopita dada aliniuliza kwa ujumbe wa sauti: kijana wake amemaliza kidato cha sita, amesikia Ujerumani chuo ni bure, je, auze kipande cha shamba la mikorosho kule Newala amlete kwangu? Nimechelewa kujibu kwa sababu sikutaka kujibu mbiombio. Mimi ni mjomba wake, na mnajua kwetu mjomba ni nani. Kwa hiyo nasema wazi, na wote msikie.

Ni kweli chuo kikuu cha umma hapa Bochum hakimtozi ada mwenyeji wala mwanafunzi atokaye Tanzania. Unalipa mchango wa zaidi ya euro 300 kila muhula, na ndani yake mna tiketi ya treni. Lakini kabla ya viza, ubalozi unataka uonyeshe fedha za kujikimu, euro 11,904 za mwaka mmoja, zimekaa benki zimefungwa, unachota 992 kwa mwezi. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 30, na bado hajajifunza Kijerumani. Shamba likienda, mwaka wa pili tutaanza kuchangishana.

Sasa niwaeleze jambo ambalo mimi mwenyewe nilichukua miaka kulielewa. Huku ninakoishi, bonde la Ruhr, kulikuwa na makaa ya mawe na chuma. Mamilioni ya watu, utajiri unatoka ardhini kila siku, na hakuna chuo kikuu hata kimoja. Mtoto wa mchimbaji alirithi sururu ya babake. Migodi ilipoanza kufungwa, serikali ya jimbo (huku elimu iko mikononi mwa majimbo, si mwa serikali ya taifa) ikaamua kujenga. Bochum ilipokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1965, Dortmund ikafuata 1968, Essen na Duisburg 1972. Pembeni yake wakaweka vyuo vya sayansi za vitendo, ambako mtu anasomea uhandisi huku mikono yake ikiwa na grisi. Mtoto akawa anakwenda chuoni kwa tramu na kurudi kula kwa mama yake.

Nikisoma habari hiyo naiona Mtwara. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982. Mwaka 2013 watu wetu walipiga kelele bomba lisiende Dar es Salaam, na mimi nilikuwa upande wao. Lakini sikumbuki mimi na wenzangu tukidai karakana. Hatukuuliza ni vijana wangapi wa Madimba, penye mtambo wa kusafishia gesi, watafundishwa kuchomelea bomba, kusoma geji, kutengeneza valvu.

Mimi nilikuja huku na shahada ya uhandisi mitambo ya chuo kimoja cha nyumbani, ambacho sitakitaja. Miaka minne nilikariri pampu, michoro yake na fomula zake. Karakana ilikuwa na pampu moja, tukiizunguka darasa zima, mwalimu akionyesha kwa rula. Siku yangu ya kwanza kazini hapa nikapewa pampu inayovuja. Nikasimama na spana mkononi. Akaja kijana wa miaka 18, mwanafunzi wa ufundi mwaka wa pili. Akalegeza nati kwa msalaba, moja huku, nyingine upande wa pili, akachomoa sili, ile inayozuia pampu isivuje, akapitisha kidole ndani, akanipa nishike. Palikuwa na mkwaruzo mwembamba kama unywele. Mchanga, akasema. Nilikuwa na miaka 29, na sili ya pampu sikuwahi kuishika. Usiku ule nililia, kwa sababu nilikumbuka baba alivyokuwa akisubiri malipo ya mnada wa korosho ili nilipiwe ada.

Kijana yule anakaa karakana siku tatu au nne kwa wiki, siku zilizobaki yuko darasani, na analipwa. Mafunzo ni miaka mitatu na nusu. Mtihani wa mwisho hautungwi na bosi wake. Unasimamiwa na chemba ya wenye viwanda na wafanyabiashara. Na akitaka kuendelea, tangu 2009 fundi aliyefikia daraja la Meister, yaani fundi mkuu, anaingia chuo kikuu bila cheti cha sekondari ya juu. Huku fundi hahesabiwi aliyefeli. Kwetu mtoto akienda chuo cha ufundi cha VETA, jirani anampa mama pole.

Nisiwafiche, chuo hakikuponya kila kitu. Kiwanda cha magari cha Opel kilifunguliwa hapa 1962 na kufungwa 2014, na mpaka leo wasio na kazi Ruhr ni wengi kuliko wastani wa nchi. Lakini kwenye kiwanja kilekile cha Opel leo kuna maabara za chuo. Pangebaki pori.

Ndiyo maana namwambia dada tuangalie nyumbani kwanza. Chuo cha Stella Maris kipo Mtwara tangu 2009. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajenga kampasi Lindi kupitia mradi wa elimu ya juu uitwao HEET, wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia kwa vyuo vya nchi nzima. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, hapo Mtwara, kina watafiti wa korosho ambao dunia inawajua. Wazee, mkutano wa kijiji ukiitishwa na mbunge akija, msiulize majengo ya kampasi hiyo yana ghorofa ngapi. Ulizeni mwanafunzi atashika mashine ya kubangulia korosho mwaka wa ngapi, na kama fundi wa VETA Mtwara atapokelewa humo. Korosho yetu nyingi inapanda meli ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam, na kazi ya kuibangua inaondoka nayo.

Kijana aombe chuo nyumbani, na aombe mkopo wa Bodi ya Mikopo ya wanafunzi. Ukipungua, nyongeza nitatuma mimi. Akimaliza na bado anataka kuja huku, aje kwa njia ya mafunzo ya ufundi yanayolipa. Kijerumani nitamfundisha kwa simu kuanzia sasa. Mwambie anipigie Jumapili jioni, nikishatoka zamu.