Usijipime kwa wenzako wa mezani

Kijana wa miaka 20 na kitu akitaka kujua kama anakunywa kupita kiasi, mara nyingi hutazama mezani. Anamwona aliyelala kitini na viatu vyake, anamwona mwingine aliyetapika na bado anaagiza, kisha anajiambia: mimi afadhali. Nimekaa kwenye meza za namna hiyo tangu nikiwa na miaka 20 mpaka nilipokaribia 30, na ninachotaka kuwaambia wadogo zangu ni kwamba hakuna kipimo kibovu kama hicho. Meza yenyewe imechujwa. Wanywaji wadogo waliacha kuja mmoja mmoja: huyu alichoka, yule alikuwa na mtihani, mwingine alipata mchumba asiyependa makelele. Waliobaki ni wale wanaoweza kwenda na kasi. Ukijipima kwa hao, hutajikuta umezidi hata siku moja.

Sikatai starehe. Nimecheza muziki mpaka kukapambazuka, nimecheka na watu ninaowapenda, na baadhi yao ni marafiki zangu mpaka leo. Lakini kula bata ni jambo moja, na kujua kinachoingia mwilini mwako ni jambo jingine, na hilo la pili meza haikufundishi.

Anza na hesabu. Sisi huhesabu chupa na glasi, mwili unapokea kilevi chenyewe. Chupa ya bia ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 5 ina karibu gramu 20 za kilevi. Chupa ya mvinyo ya mililita 750 yenye asilimia 12 ina gramu 70 hivi. Toti ya mililita 30 ya pombe kali yenye asilimia 40 ina gramu 9 na ushei, kwa hiyo zile "shoti mbili tu za kufungulia" ni sawa na bia nzima iliyomezwa ndani ya dakika moja. Ini la mtu mzima kwa kawaida huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa. Kahawa haiharakishi kazi hiyo, wala kuoga maji baridi, wala kucheza mpaka utoke jasho.

Sasa mchukue mtu aliyeanza saa 2 usiku akamaliza bia sita za nusu lita. Hizo ni gramu 120. Ini lake likienda haraka, litamaliza saa 2 asubuhi. Likienda taratibu, ni saa 7 mchana. Katikati hapo ameshaoga, amepiga mswaki, amevaa vizuri na yuko kwenye usukani anaelekea kazini, naye bado ana pombe kwenye damu. Nimeifanya safari hiyo ya asubuhi mara nyingi nikiamini nimeamka mzima, na ninapoikumbuka leo nashukuru kwamba hakuna mtu aliyevuka barabara mbele yangu.

Taasisi ya Marekani inayotafiti madhara ya pombe, NIAAA, huhesabu kuwa umekunywa kwa kupindukia pale mwanamume anapofikisha vipimo vitano na mwanamke vinne ndani ya saa mbili hivi, kipimo kimoja kikiwa gramu 14. Kwa bia ya nusu lita hiyo ni tatu na nusu kwa mwanamume, na kwa mwanamke haifiki hata tatu. (Tofauti hiyo inatokana zaidi na maji ya mwilini: mwili wa mwanamke kwa kawaida una maji machache, hivyo pombe ileile inakuwa kali zaidi kwenye damu. Dada anayejitahidi kwenda sambamba na kaka zake chupa kwa chupa anaumia kuliko wao.) Kwenye meza yangu, bia ya tatu ndiyo iliyokuwa mwanzo wa usiku.

Sifa niliyoipenda zaidi miaka ile ni kuitwa kichwa kigumu. Wenzangu wanayumba, mimi naitisha usafiri wa kila mtu na kukumbuka nani ameacha koti. Nilidhani nimeumbwa hivyo. Kumbe ubongo unaopata pombe mara kwa mara hujirekebisha ili uendelee kufanya kazi humohumo, na matokeo yake unahitaji nyingi zaidi kupata raha ileile. Ini, moyo, koo na utumbo havipati kinga ya namna hiyo, vinapokea gramu zote. Mwaka 1988 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka pombe kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi lilelile lenye tumbaku, na hakuna mahali lilipowasamehe wenye vichwa vigumu. Anayelewa kwa bia mbili, mwili wake unamlinda. Anayefika ya nane akiwa bado anaongea vizuri ndiye mwenye sababu ya kujiuliza. Mezani sifa hutolewa kinyume, na kijana anajijengea jina juu ya dalili ya hatari.

Kisha kuna kuzima. Watu huchanganya mambo mawili hapa. Kuna kulala fofofo kwa pombe, na kuna kuwa macho kabisa, unaongea, unalipa, unabishana, pengine hata unawasha gari, huku sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu, hipokampasi, imeacha kurekodi. Kesho yake ukijitahidi kukumbuka hupati kitu, kwa sababu hakuna kilichohifadhiwa. Hali hii huja hasa pombe inapopanda haraka kwenye damu: tumbo tupu, shoti za kufuatana, mashindano ya kumaliza glasi. Wenzangu walikuwa wakinisimulia vituko vyangu, meza nzima inacheka, nami nacheka nao huku naogopa kuuliza kilichofuata. Ukiwa umezima hivyo huwezi kukubali wala kukataa jambo lolote kwa akili zako, na aliye mbele yako huenda asijue. Hilo linakuhusu wewe na linamhusu pia yule unayetaka kuondoka naye usiku. Kama imekutokea zaidi ya mara moja, usikubali tena iwe hadithi ya kuchekesha.

Jambo ambalo hakuna mkubwa aliyewahi kunieleza ni hofu ya siku inayofuata. Kichwa kuuma na kiu nilivijua, kila mtu anaijua hangova. Lakini Jumapili zangu zilikuwa na uzito mwingine. Moyo unapiga, viganja vinatoka jasho, simu ikilia naogopa kuipokea, naamini nimemkosea mtu na kazini wanataka kunifukuza. Nilijiona mtu wa wasiwasi kwa maumbile yangu, na nikawa naisubiri Ijumaa ili niutulize wasiwasi huo kwa kitu kilekile kilichouzaa. Miaka ilipita hivyo. Pombe huipa nguvu GABA, kemikali inayotuliza ubongo, na kuizuia glutamati, ile inayouchangamsha. Ubongo nao hujibu kwa kukaza upande wa pili ili usawa urudi. Pombe inapotoka, breki zimelegea na injini bado inanguruma. Ndiyo maana pia unalala kama umepigwa rungu halafu unashtuka saa 10 alfajiri bila usingizi tena: pombe hukulaza haraka, lakini hupunguza usingizi wa ndoto na kuivuruga nusu ya pili ya usiku. Nilipokaa wiki kadhaa bila kunywa, wasiwasi ule uliondoka karibu wote. Nilihuzunika kidogo, nikikumbuka maamuzi makubwa niliyoyafanya nikiwa chini yake: kazi niliyoiacha, mtu niliyegombana naye, safari niliyoghairi. Kama wewe wasiwasi wako unabaki hata ukikaa mwezi mzima bila pombe, huo ni ugonjwa unaotibika na unastahili daktari wake. Lakini hutaujua mpaka uiondoe pombe kwanza.

Wapo watakaokuambia utaacha tu ukikua. Kuna ukweli ndani yake. Watu wengi hupunguza wenyewe wakifika miaka 30, majukumu yanapoongezeka na mwili unapogoma. Tatizo ni kwamba ukiwa mezani huwezi kujua nani atapunguza na nani hatapunguza, na wote wawili wanasema maneno yaleyale. Isitoshe, madhara mengine hayasubiri ukue. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria vifo milioni 2.6 vilivyotokana na pombe mwaka 2019 peke yake, na rika lililoguswa zaidi kwa uwiano ni la miaka 20 hadi 39. Ajali na ugomvi huchukua usiku mmoja tu. Na ubongo wenyewe huendelea kukomaa hadi karibu miaka 25, sehemu ya mbele, ile inayozuia pupa, ikiwa ya mwisho.

Basi ujipime kwa nini? WHO lina dodoso la maswali 10 liitwalo AUDIT. Linauliza unakunywa mara ngapi, kiasi gani, kama umeshindwa kuacha ukishaanza, kama umeshindwa kufanya ulilopaswa kufanya, kama umehitaji kunywa asubuhi ili uweze kusimama, kama kuna mtu ameumia. Alama 8 au zaidi ni ishara kwamba unywaji wako una hatari. Lijaze mchana, peke yako, bila mtu wa kukuchekesha. Swali la asubuhi ulitazame vizuri. Kuzimua ni neno tunalolitaja kwa kicheko, lakini mwili unaotulia kwa sababu umepewa pombe asubuhi unakuambia kwamba umeanza kuitegemea.

Ukishapata jibu, jaribu mwezi mmoja bila pombe, na usiutangaze. Kutangaza kunaifanya meza iwe refa. Mimi niliposema nimeacha, kila mtu alikuwa na hoja, na mmoja aliniagizia bila kuniuliza. Niliposema tu "leo sinywi, nina kazi asubuhi", hakuna aliyejali kwa zaidi ya dakika mbili. Ijumaa ya kwanza na ya pili ni ngumu kwa sababu ya saa zile zilizokuwa na mazoea, kuanzia jioni mpaka usiku wa manane. Zipangie kitu kabla hazijafika: mazoezi, mpira, darasa, kumtembelea mtu, hata kulala mapema. Na watafute wale waliotoka mezani mmoja mmoja. Wengi wao hawakukukasirikia, walikuwa wanakungoja mchana.

Ukiamua kuendelea kwa kiasi, amua idadi kabla hujatoka nyumbani. Kula kwanza, chakula hupunguza kasi ya pombe kuingia kwenye damu. Maji kati ya chupa na chupa hayaondoi kilevi, ila yanakuchelewesha kufika ya pili. Jitoe kwenye raundi, maana anayenunuliwa hunywa kwa kasi ya mwenye haraka kuliko wote. Kuchanganya na vinywaji vya kuongeza nguvu ndiko ninakokuomba ukuache kabisa: kafeini inakuficha usijione umelewa, na unaongeza. Dawa za usingizi na zile kali za maumivu usizichanganye na pombe hata mara moja, kwa pamoja zinaweza kusimamisha pumzi.

Mwenzako akizimika na haamki ukimwita na kumtikisa, usimwache "alale pombe ziishe". Pombe iliyo tumboni inaendelea kuingia kwenye damu hata akiwa amelala. Hesabu pumzi zake: zikiwa chini ya 8 kwa dakika, au kukiwa na nafasi ya sekunde 10 au zaidi kati ya pumzi na pumzi, au mwili umekuwa wa baridi na midomo, fizi au kucha zimegeuka rangi ya buluu au kijivu, hiyo ni dharura. Mlaze ubavu ili akitapika asipaliwe, usimtapishe kwa nguvu, usimpe kahawa, ita msaada wa hospitali na ukae naye. Nimewahi kukaa na mtu hivyo sakafuni, wenzetu wakisema namkuza tu. Aliamkia hospitali, na daktari aliyempokea alituambia tumefanya vyema kutosubiri.

La mwisho ni kwa yule ambaye kwake si Ijumaa tena, ni kila siku, na asubuhi mikono inatetemeka mpaka apate kidogo. Mdogo wangu, wewe usiache ghafla ukiwa peke yako chumbani, hata kama umepata hasira nzuri ya kuacha. Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa ghafla unaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, na baada ya hapo kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyokuwepo na homa, hali inayoweza kuua. Hospitali wana dawa za kukutuliza kwa siku hizo chache, hutoa vitamini B1 kulinda ubongo, na baadaye zipo dawa kama naltrexone za kupunguza hamu. Nenda na mtu unayemwamini. Daktari akikuuliza unakunywa kiasi gani, mtajie idadi yote na saa uliyokunywa mara ya mwisho, kwa sababu dozi ya dawa atakayokupa inategemea jibu hilo.