Kutoa beringi ya pailoti unapofunga giaboksi ya otomatiki

Ndugu uliyeuliza kama ni lazima kuitoa beringi ya pailoti, ile ndogo inayoshikilia ncha ya shafti ya giaboksi, kabla ya kufunga giaboksi ya otomatiki mahali palipokuwa na ya manyuali, jibu linategemea beringi hiyo imekaa kina gani, na kina hicho hupimwa kwa venia (kipimo cha kupimia kina na upana), hakikisiwi kwa macho. Katika baadhi ya injini beringi hukaa kwenye flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini, kwa hiyo flaiwili ikitoka nayo imetoka. Kazi ipo pale ilipogongewa ndani ya tundu la nyuma ya krenki, yaani shafti kuu ya injini.

Katika giaboksi ya manyuali, beringi hii hushikilia ncha ya shafti isiyumbe klachi inapokanyagwa. Otomatiki haina ncha hiyo. Kitovu kilichochomoza mbele ya toki konvata, chombo cha mafuta kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi, ndicho kinachoingia katika tundu la krenki na kuiweka konvata katikati. Beringi ikiwa imezama ndani kupita mahali kitovu kinapoishia, kuiacha hakudhuru kitu. Ikiwa nje zaidi ya hapo, kitovu kitaigota kabla giaboksi haijakutana na injini, na wengi hapo hukaza bolti ili ziivute giaboksi. Zitaivuta kweli, lakini nguvu yote itaangukia pampu ya giaboksi upande mmoja na washa zinazozuia krenki kwenda mbele na nyuma upande mwingine. Niliwahi kufungua giaboksi iliyokazwa namna hiyo kwingineko, nikakuta gia ya ndani ya pampu imepasuka vipande.

Kama ulichonacho ni bushi ya shaba (pete tupu, bila gololi wala sindano) isiyo na matundu, grisi inatosha. Jaza grisi nyuma ya bushi hadi isibaki hewa, kisha ingiza chuma kinachobana sawasawa katika tundu lake, kwa mfano kipande cha shafti kuukuu ya giaboksi ya aina hiyohiyo, na ukigonge kwa nyundo. Grisi haishindiliki, hivyo huisukuma bushi kutoka nyuma. Kila inaposogea, ongeza nyingine. Vaa miwani, kwa sababu chuma kikilegea grisi hurukia usoni. Wapo wanaotumia mkate uliolowa, nao hufanya kazi, ila mimi napendelea grisi.

Beringi ya sindano ni habari nyingine: grisi hupenya katikati ya sindano na unabaki unajipaka bure. Hiyo, pamoja na ile ya gololi, ninaitoa kwa pula yenye kucha zinazofunguka nyuma ya beringi na uzito unaoteleza kwenye fimbo. Ikiwa imekamatwa na kutu, inyunyizie mafuta ya kulegeza na uiache kwa muda kabla ya kuvuta tena. Usiipashe moto kwa gesi, kwani sili ya nyuma ya krenki iko jirani mno, na patasi uiweke mbali kabisa, maana mkwaruzo mmoja ndani ya tundu huinua ukingo ambao baadaye hukizuia kitovu kukaa katikati. Konvata iliyokaa upande hutikisa gari na kula bushi na sili ya pampu.

Futa grisi yote, pitisha kidole ndani ya tundu kutafuta ukingo, kisha jaribu konvata peke yake kwa mkono: kitovu kiingie bila kulazimishwa. Baadhi ya injini huhitaji pete ya kupunguza upana wa tundu, kwa hiyo kikicheza, itafute pete hiyo kwanza. Bolti za flaiwili nazo usizirudishe kwenye fleksipleti, bati linalochukua nafasi ya flaiwili, bila kuzipima, kwa sababu bati hilo ni jembamba na bolti ndefu inaweza kufika mwisho wa tundu kabla haijabana.

Giaboksi ikishakutana na injini pande zote kwa mkono tu, sukuma konvata nyuma. Inapaswa kuzunguka kirahisi na kuacha nafasi kati yake na fleksipleti, mara nyingi milimita 3 hadi 5. Pasipo na nafasi hiyo, teremsha giaboksi, uhakikishe konvata imeingia hadi mwisho kwenye pampu, kisha pima tena kina cha tundu.