Umemwandika Jina?

Kazi ya picha niliianzia kwenye chumba cha giza cha studio moja Kariakoo, nikiwa kijana wa kusafisha mikanda na kukata picha za pasipoti. Mzee mwenye studio hakuwa mtu wa maneno mengi. Mteja akishatoka, aliniuliza swali moja tu: "Umemwandika jina?" Kila mkanda ulikuwa na bahasha yake, na kila bahasha ilikuwa na jina, tarehe na namba ya risiti. Siku niliyosahau, bwana harusi wa Temeke alikabidhiwa picha za maziko ya Magomeni. Nilikatwa posho ya wiki nzima, nikanung'unika kwamba mzee anakuza mambo.

Mwaka 2011 nilikuwa nimeshajitegemea, nina kamera ya dijitali, na harusi zilikuwa zimenichosha. Nilitaka picha za maisha yenyewe, zile ambazo wengine huziita picha za uhalisia na mimi nimezoea kuziita picha za ushuhuda. Nikaenda kwenye machimbo ya kokoto Kunduchi. Nikamkuta mama mmoja wa makamo amekaa juu ya kigunia, nyundo mkononi, vumbi jeupe limemwingia mpaka kwenye kope. Nikamsalimia, akanikubalia kwa kichwa, nikachuchumaa, nikapiga kama picha 40, nikapanda bodaboda nikaondoka. Picha moja kati ya zile ilikuwa nzuri kweli. Shirika fulani likainunua.

Miaka miwili baadaye nikaiona kwenye kalenda yao. Chini yake pameandikwa kwamba huyu ni bibi fukara anayeponda mawe ili kulisha wajukuu yatima. Mimi sikuwaambia hivyo. Sikuwaambia chochote, kwa sababu sikuwa nimeuliza chochote. Nafasi niliyoiacha wazi, mtu aliyekaa ofisini aliijaza kwa kile alichozoea kukisikia kuhusu wanawake wa namna ile.

Na mimi, kwa ujinga, nikampelekea yule mama kalenda kama zawadi. Alimpa mjukuu wake amsomee. Binti akasoma taratibu, akafika kwenye neno "yatima", akanyamaza. "Yatima nani?" mama akauliza. Wazazi wa yule binti wako hai, mama yake anauza samaki, na yeye mwenyewe yuko kidato cha pili. Kwa kokoto zile mama alikuwa amejenga nyumba ya vyumba vitatu na kusomesha watoto wanne. Hakunifokea. Alisema tu, "Mwanangu, ungeniuliza ningekwambia."

Tangu siku hiyo, nikisoma habari za wapiga picha waliotutangulia, nasoma kama karani wa bahasha. Jambo la kwanza ninalotafuta ni kama jina liliandikwa.

Aliyenifundisha zaidi ni Lewis Hine. Alikuwa mwalimu New York kabla ya kuajiriwa, mwaka 1908, na kamati iliyopinga ajira ya watoto Marekani, awapige picha watoto waliokuwa wakifanya kazi. Wenye viwanda vya pamba hawakutaka kumwona, kwa hiyo aliingia kwa hila, leo kama muuza Biblia, kesho kama mkaguzi wa mambo ya moto. Watu hutaja kamera yake, lile sanduku zito na unga wake wa kuwasha mwanga. Mimi huvutiwa na mfuko wa koti. Humo aliandika bila kutazama, mkono umefichwa. Alikuwa ameshapima vifungo vya nguo yake kutoka chini, hivyo mtoto akisimama karibu naye, alijua urefu wake kwa kuona kichwa kimefika kifungo cha ngapi. Ndiyo maana leo tunajua kwamba msichana aliyesimama kando ya mashine za kusokota nyuzi huko Lancaster, South Carolina, tarehe 30 Novemba 1908, aliitwa Sadie Pfeifer, alikuwa na urefu wa inchi 48 na alikuwa ameshafanya kazi nusu mwaka. Mwenye kiwanda angeweza kudai kwamba mtoto alikuja tu kumtembelea dada yake. Ukimwekea jina, tarehe, kiwanda na inchi, atasema nini?

Sheria ya kwanza ya nchi nzima dhidi ya ajira ya watoto ilipitishwa mwaka 1916, Mahakama ya Juu ikaifuta 1918, na ile iliyodumu ikaja 1938. Hesabu miaka hiyo vizuri kabla hujakata tamaa kwamba picha zako zimepata "like" 11. Hine mwenyewe alifariki 1940 akiwa hana kitu.

Kongo tuna mfano mzito kuliko huo. Alice Seeley Harris, mmisionari Mwingereza, alikuwa Baringa Mei 1904 wakati mwanamume wa kijiji cha Wala alipofika na kitu kimefungwa kwenye majani. Ulikuwa mkono na mguu wa binti yake wa miaka mitano. Walinzi wa ABIR, kampuni iliyokusanya utomvu wa mpira, walikuwa wamemuua kwa sababu kijiji hakikufikisha kiasi cha mpira kilichotakiwa. Harris alimketisha barazani akampiga picha. Picha ile na nyingine zikazungushwa Uingereza na Marekani, zikirushwa ukutani kwa taa kwenye makanisa na kumbi, na pamoja na ripoti na makala za watu wengine zikambana Mfalme Leopold II wa Ubelgiji mpaka mwaka 1908 akanyang'anywa nchi aliyoifanya shamba lake binafsi. Na majina yao yaliandikwa: baba ni Nsala, mtoto ni Boali. Zaidi ya miaka 120 imepita na bado tunaweza kumlilia Boali kwa jina lake.

Sasa linganisha na kadi za posta zilizotengenezwa Zanzibar miaka hiyo hiyo. Mwanamke amevaa vizuri, amesimama kwa madaha, na chini maandishi yanasema tu kwamba ni mwanamke wa Kiswahili. Kitukuu chake anaweza kupita Shangani leo, akaiona nakala dukani inauzwa kwa watalii, asijue kwamba anamtazama bibi yake.

Dorothea Lange, mpiga picha wa Marekani, ananiuma kwa namna nyingine, maana yeye kwa kawaida aliandika sana. Maelezo yake ya picha ni marefu na yana maneno ya watu wenyewe. Lakini Machi 1936 alikuwa amechoka, yuko njiani kurudi nyumbani, akapita kambi ya wachuma njegere huko Nipomo, California, akaendelea kama kilomita 30 kabla ya kugeuza gari. Alikaa na mama mmoja na watoto wake dakika chache, akapiga, akaondoka bila kuuliza jina. Picha zilipotoka gazetini serikali ilipeleka chakula kambini, ila familia ile ilikuwa imeshahama. Jina la mama yule, Florence Owens Thompson, lilikuja kujulikana mwaka 1978, na alipozungumza, alisema hakupata hata senti kutokana na picha hiyo na anajuta kupigwa. Kumbuka pia kwamba uso ule ulipewa ulimwengu kama uso wa wakulima Wazungu waliofilisika. Mwenyewe alikuwa Mcherokee, mmoja wa wenyeji asilia wa Marekani. Hakuna aliyemuuliza.

Na ile picha ya Kevin Carter, mpiga picha wa Afrika Kusini, aliyoipiga Sudan wakati wa njaa mwaka 1993, mtoto ameinama chini na tai nyuma yake, wengi wenu mnaijua. Kwa miaka 18 dunia ilisema "msichana". Waandishi kutoka Hispania walipokwenda kuulizia kijijini mwaka 2011, wakaambiwa alikuwa mvulana, jina lake Kong Nyong, alipona njaa ile na alifariki kwa homa kama miaka minne kabla ya wao kufika.

Basi kwa wewe unayeanza, kamera yoyote itafaa, hata ya simu. Nunua daftari dogo linaloingia mfukoni. Kabla hujainua kamera, au mara tu baada yake kama tukio halisubiri, andika jina kama mtu mwenyewe anavyolitamka, kisha mwombe akukague. Utashangaa ni mara ngapi "Mwanahamisi" inageuka "Mwanaamisi" mikononi mwako. Andika mtaa au kitongoji, tarehe, anachofanya, na sentensi moja aliyoitamka yeye kwa maneno yake. Hiyo sentensi ndiyo kinga kubwa kuliko zote, kwa kuwa mtu wa ofisini akitaka kubuni habari, atakuta kiti kimeshakaliwa. Siku hizi namwomba mtu ajitaje kwenye kinasa sauti cha simu, halafu usiku nahamishia kwenye daftari. Usiku huo huo. Kesho utakuwa umeshachanganya nani ni nani, hasa kama ulipiga picha sokoni.

Maelezo yakishaandikwa, yaingize ndani ya faili la picha kwa programu unayotumia kuhariri, yasibaki daftarini peke yake. Lakini ukituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, itabanwa na maelezo yale yatapotea njiani, kwa hiyo tuma kama dokumenti. Mteja akinunua, mpe picha na maelezo kwa pamoja, na mwandikiane kwamba maneno hayabadilishwi bila kukuuliza. Nimepoteza kazi mbili kwa sharti hilo. Sijuti sana.

Kuandika jina si lazima kulichapisha. Mtoto, mgonjwa, mtu aliyefanyiwa ukatili, mfanyakazi anayeweza kufukuzwa, hao jina lao linabaki daftarini na daftari linafungiwa. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana yao ya 2019, na ni vyema kuzisoma, ingawa adabu ya kawaida ingetosha kukufikisha mbali.

Halafu rudisha picha. Chapisha ya karatasi, haina gharama kubwa, umpelekee mwenyewe mkononi. Watu wamezoea kupigwa na kutoona walichopigiwa. Na sasa ambapo mtu yeyote anaweza kuiagiza kompyuta imtengenezee mwanamke anayeponda kokoto, vumbi la kope na yote, sijui utamthibitishiaje mtu kwamba mwanamke wa kwenye picha yako aliishi kweli kama huna jina, mahali, tarehe na mtu wa kumpigia simu.

Yule mama wa Kunduchi nilimrudia wiki moja baada ya ile ya kalenda, na picha ya karatasi, bila maneno ya kalenda. "Shikamoo mama." "Marahaba." Nikatoa daftari. Akanipa majina yote matatu na mwaka alioanza kuponda mawe, kisha akanionya: "Weka humo kwenye daftari lako. Kwenye simu za watu usinipeleke." Ndiyo maana hapa simtaji, wala picha yake hamtaiona.

Akaigeuza ile picha, akamwita mjukuu alete kalamu.

"Na wewe unaitwa nani?" akaniuliza. "Maana tangu ulipokuja mara ya kwanza hukusema."