Mississippi John Hurt alikuwa wapi miaka yote ile?

Ndugu, umeuliza kama ni kweli huyu mzee, mwimbaji na mpiga gitaa wa bluzi (muziki wa Wamarekani weusi), alianza muziki uzeeni. Hapana. Alirekodi mwaka 1928, kwanza Memphis kisha New York, kwa kampuni ya kurekodi muziki ya Okeh. Sahani za santuri hazikuuzika, mdororo wa uchumi ukaja, naye akarudi kwao Avalon, Mississippi, kulima na kuchunga ng'ombe. Miaka 35 hivyo!

Kilichomtoa mafichoni huko ni wimbo wake mwenyewe. Ndani yake alikitaja kijiji cha Avalon, na mwaka 1963 kijana mmoja mpenda bluzi, Tom Hoskins, akakitafuta kwenye ramani ya zamani, akaenda na kumkuta mzee yuko hai. Mwaka huohuo mzee akapanda jukwaa la tamasha la muziki la Newport, Marekani, ana miaka 70 hivi, kofia kichwani.

Sasa sikiliza mkono wa kulia, maana utamu wote uko pale. Kidole gumba kinarukaruka kwenye nyuzi nene za gitaa, du-du, du-du, hakikosi hata mara moja, huku vidole viwili vikiimbisha nyuzi nyembamba juu yake. Utaapa wako wapigaji wawili. Sauti nayo ya upole, kama anakusimulia jambo barazani. Mimi huwa nampendelea kuliko wale wa gitaa la umeme wanaolia kila noti, mnisamehe.

Alifariki Novemba 1966. Kwa hiyo umaarufu wenyewe aliuonja miaka mitatu tu. Anza na zile rekodi za 1928.