Mbaazi zinamaliza gesi, na zikikaa zinachacha

SWALI: Nasoma Tudor, nimepanga chumba na mwenzangu. Hatuna friji, ila mtungi wa gesi wa kilo 6. Tumechoka na chipsi na soseji, tunataka kula vya hapa Pwani, lakini mbaazi zinakula gesi na zikikaa zinachacha. Tunakosea wapi?

JIBU: Kinachotangulia kuchacha ni tui. Kwa joto la Mombasa, chakula cha nazi ni cha kuliwa papo hapo. Pikeni mbaazi kwa maji matupu, mteke za mlo mmoja, mtie tui kwenye hizo tu. Zilizobaki zichemsheni upya mchana, mfunike, mzimalize jioni hiyohiyo. Kijiko kilichopita mdomoni kisirudi sufuriani.

Kuhusu gesi: rowekeni vikombe 2 vya mbaazi kavu usiku kucha. Mwageni maji hayo, mtie mengine yazipite kwa vidole viwili. Zichemke kwa nguvu dakika 20, kisha zimeni moto bila kufunua. Fungeni sufuria kwa taulo, halafu blanketi, mwiweke ndani ya katoni muda wa saa 3. Sufuria iwe imejaa angalau nusu. Chakula kidogo hupoa upesi. Mkirudi kutoka darasani, zichemke tena dakika 10 hadi 15.

Zikibaki ngumu, tazameni maji kwanza. Kisiwa hiki kimekaa juu ya jiwe la matumbawe, na maji ya visima vyake huwa na chokaa inayozuia ganda kulainika. Tumieni ya mfereji, kuanzia kuroweka. Ndimu, ukwaju na nyanya zingoje mbaazi ziive; zikitangulia, mtapika mpaka gesi iishe. Au basi mmenunua mbaazi zilizokaa dukani tangu mwaka juzi.

Nazi 1 yatosha vikombe hivyo 2, kwa hiyo kuneni nusu tu kwa mlo mmoja. Tui zito wekeni kando, jepesi litangulie. Zito liingie mwisho, moto mdogo, huku mnakoroga. Likitokota kwa nguvu hukatika na mafuta kuelea.

Msichukulie maharagwe mekundu hivyohivyo. Hata baada ya kurowekwa, lazima yatokote dakika 10 kamili kabla ya kufungwa kwenye blanketi, la sivyo yatawatapisha. Wiki ya mtihani pikeni pojo, hazihitaji kurowekwa.

Mboga, nunueni mchicha au majani ya kunde ya siku hiyo badala ya sukuma wiki iliyosafirishwa kutoka bara. Msiyaoshe hadi wakati wa kupika; yakilala na maji huoza.

Samaki, chagueni kibua. Pono mwacheni baharini: ndiye anayekwangua mwani juu ya matumbawe, na akipungua mwamba hufunikwa. Kabla ya kulipa, funueni shavu: matamvua yawe mekundu, si ya kahawia, na nyama ukiibonyeza irudi.