Re: Bears waliuzaje namba moja ya 2023 wakati Stroud yupo?

Mkuu, umeuliza Chicago Bears wa NFL waliuzaje namba moja ya drafti ya 2023, yaani zamu ya kwanza ya kuchagua wachezaji wapya, wakati kwota beki (mrusha pasi mkuu) CJ Stroud yupo. Ukiangalia Stroud peke yake utaona Bears waliliwa, ila tazama wanunuzi, Carolina Panthers, walitoa nini: piki (zamu ya kuchagua) ya 9, ya 61, raundi ya kwanza 2024, raundi ya pili 2025 na juu yake DJ Moore, risiva (mdaka pasi) aliyekuwa tayari kucheza siku hiyohiyo. Utamu wote uko kwenye hiyo ya 2024, maana Panthers walimchukua kwota beki Bryce Young wakaburuza mkia na 2-15 (ushindi 2, vipigo 15), piki yao ikawa namba moja tena na ikatua Chicago, ndo akaja kwota beki Caleb Williams. Wanaosema Ryan Poles, meneja mkuu wa Bears, alibahatisha wananikera sana, timu mbovu inakupa risiva wake bora halafu utegemee ishinde mechi ngapi?

Stroud kweli alibeba tuzo ya ruki (mchezaji wa mwaka wa kwanza), ila Bears bado walikuwa wanamwamini kwota beki wao, Justin Fields. Mimi lawama zangu ni kumbakiza kocha Eberflus 2024 na kumkabidhi kwota beki mchanga, mpaka ile mechi ya sikukuu ya Thanksgiving na Detroit Lions, wako nyuma 23-20, sekunde zinayoyoma, taimauti (ya kusimamisha saa) wanayo na hakuna anayeiita. Kesho yake ndo wanamfukuza, wangefanya hivyo Januari 2024 bana.