Rudi Ukaone Kiti Kinatumikaje

Ukiajiriwa leo katika idara ya huduma za jamii ya kaunti, huenda kazi yako ya kwanza ikawa kujaza jedwali la robo mwaka: viti vya magurudumu vilivyotolewa, wazee waliotembelewa, vikundi vilivyopewa mafunzo. Lijaze, kwani Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaitaka kaunti iwe na mpango wa kusimamia utendaji. Lakini usidhani ukishalijaza umeipima kazi.

Mwaka wangu wa pili tuligawa viti vya magurudumu wadi nzima, na kwenye jedwali lengo likatimia asilimia 100. Miezi minne baadaye nilipita kwa mama mmoja, nikakuta kiti cha mwanawe kimeegemezwa ukutani, kimeanikwa nguo. Njia ya kwenda shule ni mchanga mtupu, na yale magurudumu madogo ya mbele yalikuwa yakizama. Mtoto alikuwa bado anabebwa mgongoni, na siku mama akiumwa kiuno, shule hakuna. Niliona aibu kubwa.

Kwa hiyo kabla hujatoa kitu, andika hali ulivyoikuta. Mtoto huenda shule siku ngapi kwa wiki? Nani humbeba? Njia ikoje? Hili la njia lingetuokoa. Miezi mitatu baadaye rudi kwa watu walewale na maswali yaleyale. Itazame rejista ya mwalimu pia, maana mzazi mara nyingi atakwambia mambo ni mazuri akihofia kunyimwa msaada mwingine. Nyumba zikiwa nyingi, chagua chache kwa kura. Usimwachie mzee wa kijiji akupeleke kwa anaowajua.

Usijitwalie pia sifa isiyo yako. Bibi wa miaka 75 aliyeanza kula milo miwili huenda amepokea shilingi zake 2,000 za mwezi za Inua Jamii, mpango wa kuwapa pesa wazee na wengine wenye uhitaji, na hizo ni za serikali kuu. Muulize.

Nauli na mafuta ya ziara za kurudi viombe mapema, viingie kwenye mpango wa maendeleo wa mwaka kabla haujapelekwa bunge la kaunti, mwisho tarehe 1 Septemba. Mimi sikuviomba. Kwa yule mama nilikwenda kwa bodaboda, kwa pesa yangu, na nyumba nyingine za wadi ile hatukuzifikia kabisa.